Galaksi Zilizosahihishwa Mara Mbili

Kosa lilikuwa langu, na nililiona Jumanne asubuhi nikitayarisha jedwali la kurasa za mwisho za makala yetu.

Kwa miaka sita kikundi chetu hapa Daejeon kilikuwa kikipima maumbo ya galaksi milioni ishirini. Mwanga wake ukipita karibu na maada giza hupindika, na umbo la galaksi huonekana limevutwa kidogo. Ukipima maumbo ya kutosha, utajua uzito wa hiyo maada ambayo hakuna darubini inayoiona. Majibu tulikuwa tumejifichia wenyewe: kompyuta iliongeza namba ya siri katika kila hesabu, asije mtu akaivutia upande anaoupenda. Wiki iliyotangulia tuliiondoa ile namba. Jibu likatoka mbali kabisa na nadharia inayokubaliwa na wote; ulionekana ugunduzi mkubwa. Watu walipiga makofi. Profesa Maeng, mkuu wetu, mtu asiyecheka ovyo, alitupeleka kula nyama ya nguruwe ya kuchoma, akaimba.

Sasa nilikuwa naitazama mistari miwili ya programu niliyoiandika miaka minne nyuma. Masahihisho ya umbali wa galaksi nyekundu yalikuwa yakifanyika mara mbili. Nikafuta mstari mmoja, nikaendesha hesabu upya. Baada ya dakika arobaini, tofauti yetu na nadharia haikuwepo tena.

Nilingoja nihisi kitu. Hofu, aibu, chochote. Nikaenda kuosha kikombe.

Niliendesha mara mbili zaidi, kisha nikamwambia kwanza Bang In-ha, mtafiti kijana wa kikundi chetu aliyekuwa kwenye mkataba wa muda. Jibu lile ndilo lililomfanya aitwe kwenye usaili wa kazi ng'ambo. Ungefanyika Ijumaa hiyo, kwa video.

"Dada Yu-gyeong, acha utani."

"Sina utani."

Alitazama mchoro kwenye skrini yangu, akavuta kiti, asikae.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu."

"Basi si tunyamaze mpaka Ijumaa? Siku tatu tu, dada. Galaksi zimengoja miaka mabilioni, zitashindwa na siku tatu?"

Siku nyingine ningecheka. "Na Jumatatu utawaambia nini?"

"Jumatatu nitakuwa na kazi."

"In-ha."

"Kwako rahisi. Wewe una ajira ya kudumu. Umekosea wewe, naumia mimi."

Alisema kweli. Nilitaka iniume, haikuuma. Nikabeba kompyuta yangu nikaenda kwa Profesa.

Alikuwa anakula kimbap, wali uliofungwa kwa mwani, mezani kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho akitafuna polepole.

"Umeendesha mara ngapi?"

"Tatu."

"Na programu uliandika wewe?"

"Mimi."

Akafuta vidole. "Waandikie wote leo. Neno samahani liweke mara moja tu, isiwe barua ya msiba. Halafu nenda nyumbani, uso umekuwa mweupe kama tofu."

"Na In-ha?"

"Awaeleze ukweli. Wakiwa watu wa maana, wataelewa."

Niliwaandikia watu themanini na watatu tulioshirikiana nao kwenye kazi hiyo, wa hapa na wa nchi nyingine. Wengi walinipa pole. Mmoja, wa Taipei, hakunipa pole; aliuliza kuhusu mstari wa mia nne na kumi wa programu. Huyo ndiye aliyenisaidia, maana swali lake lilitaka jibu.

Ijumaa In-ha aliwaeleza. Hawakumchukua. Mwezi wa nne akapata kazi kwenye kampuni ya betri. Alipokuja kuchukua vitabu vyake aliniinamia kwa adabu yote, adabu ya mtu na mgeni, hakuniita dada. Hilo lilinifikia. Kidogo tu, kama mguu uliokufa ganzi ukiguswa.

Makala yetu ilitoka ikisema nadharia imesimama. Mama akapiga simu kutoka Andong.

"Kile mlichokuwa mnatafuta, mmekipata?"

"Tumekuta mambo ni kama yalivyodhaniwa."

"Sasa si vizuri?"

"Vizuri, Mama."

"Mbona sauti imekauka? Unakula?"

"Nakula."

"Mwongo. Nimekutumia kimchi, kabichi niliyoichachua mwenyewe, kwa basi la saa tisa. Nenda kaipokee."

Nikaenda kituoni. Basi lilichelewa. Nikasimama na watu wengine waliokuja kupokea mizigo yao.