Gari Lililomeza Ubani

Kuku wangu bora alikuwa akitagia kwenye kiti cha dereva, na hiyo ndiyo faida pekee niliyoipata kwa pikapu ya mdogo wangu Munji kwa miaka ishirini na kitu. Ilikaa uani chini ya mzeituni, matairi yamekwisha pumzi, boneti imepigwa kufuli. Nikitaka kuanika pilipili, imenizibia jua. Wageni wakiingia wanajigonga kwenye bampa ndipo wanisalimie. Mara ngapi nilimwambia Munji auze chuma chakavu kile, naye ananijibu palepale, "Dada Haluma, hiyo si chakavu. Imepumzika tu."

Kisha Saluha akarudi, na gari likaacha kupumzika.

Saluha ni binti wa Tujani, kijiji kilicho juu mlimani, na Munji alikuwa amwoe. Siku ya posa sisi wanawake tulitangulia na kondoo na kuskusi. Munji akabaki nyuma alete kikapu: hina, wanja, maji ya waridi, na ubani niliouchanganya kwa mikono yangu mwenyewe, maana nyumbani kwetu ubani wa posa haununuliwi dukani. Ulikuwa haujakauka vizuri, ndiyo sababu akausubiri. Basi tukakaa kwa kina Saluha tunamngoja. Jua likashuka, chakula kikapoa, mazungumzo yakaisha, na mwenye nyumba akawa anatazama mlango zaidi ya anavyotutazama sisi. Bwana harusi hakuja. Tulilala kwa watu na nguo zetu za sherehe, na asubuhi baba yake Saluha akatufungulia mlango, akatutakia safari njema huku ametazama ukuta. Nimeona aibu nyingi duniani, lakini ile bado imenikaa kifuani.

Kufika nyumbani, pikapu hii hapa chini ya mzeituni, na Munji kakaa kwenye jiwe pembeni yake. Kikapu kiko wazi. Ubani haumo.

"Ubani uko wapi?" nikamwuliza.

"Nimeutia kwenye rejeta."

Alivyotueleza ni hivi. Kwenye mpando wa mlima rejeta ilitoboka, maji yakamwagika, injini ikachemka. Maji ya kunywa aliyokuwa nayo akayamalizia humo, yakatoka yote. Hapo akakumbuka maneno ya madereva wa zamani kwamba utomvu wa mti huziba tundu ukipata moto. Akautwanga ubani wangu kwa jiwe, akautia ndani, akaushushia maji ya waridi. Gari likatambaa kidogo, likagonga kama mtu anapiga nyundo, likazima. Trekta la mpita njia wa Tatawini likamvuta usiku hadi nyumbani, na mwenye trekta hajaonekana tena mpaka leo.

Nani angeamini? Mtu mmoja aliapa kwamba alimwona Munji kwenye barabara ya kwenda mji wa Gabesi. Mwingine akasema ubani umefukizwa Gabesi hukohuko, kwa mwanamke mwingine. Kijiji kizima kikajipatia msemo: mtoto akichelewa kurudi na mkate, mama yake anamwuliza, "Vipi, umeutia kwenye rejeta?" Munji alikasirika, akaifunga boneti kwa kufuli, akasema asiyeamini mdomo wake hana haki ya kuchungulia injini yake. Kiburi hicho ni cha kwetu, amekirithi kwa baba. Saluha akaozwa kwa mtu wa Sfaksi. Munji hakuoa tena.

Na mimi? Nilimpikia, nilimfulia, nilimtetea mbele za watu mpaka nikagombana na majirani. Kumwamini ni jambo jingine.

Sasa Saluha ni mjane, watoto wake wako Ufaransa. Amerudi upande wetu, lakini hakupanda Tujani. Amechukua nyumba hapahapa kijijini, mitaa miwili kutoka mlangoni mwangu, kwa kuwa, alisema, zahanati iko karibu na mlima hauyafai magoti yake. Munji alipopata habari akanyoa ndevu. Halafu nikaona kofia mpya. Halafu asubuhi moja nikamkuta anawafukuza kuku wangu kwenye kiti cha dereva.

"Kulikoni?"

"Nafufua gari."

"Likupeleke wapi, mzee mzima?"

"Nina safari sijaimaliza," akasema, na masikio yakamwiva.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. "Munji, kuna mitaa miwili tu hapo."

"Nitaimaliza kwa gari lilelile au siimalizi," akasema. "Nataka alione limesimama mlangoni kwake, na kikapu ndani. Hapo hata nisiposema neno atajua sikumkimbia."

Sikucheka tena. Miaka yote hiyo nilidhani hasira yake ni ya kusemwa na watu. Kumbe mtu aliyetaka kuaminiwa naye ni mmoja tu.

Fundi aliitwa Lazhari, mtu wa Medenine, mnene, mcheshi, na mlaji wa mkate wa watu. Alikuwa mtoto wakati ule wa posa, kwa hiyo msemo wa rejeta ameukuta kama sisi tulivyokuta mwezi na jua. Ufunguo wa kufuli ulikuwa umepotea, akaikata kwa msumeno. Boneti ikafunguka kwa mlio wa kutia meno ganzi, na Munji akasimama karibu, mikono nyuma, kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

"Ami Munji, kwa nje safi," Lazhari akasema. "Hili tutalipigisha honi kabla ya Ijumaa."

Akaingia chini na kulegeza nati ya oili. Nilitegemea oili. Yakatoka maji, ya rangi ya chai iliyochacha. Kisha ikafuata oili yenyewe, nzito, nyeupe nyeupe kama mtindi. Lazhari akaacha utani.

"Ami, injini yako imekunywa."

"Imekunywa nini?"

"Maji ya rejeta. Yamepenya mpaka ndani. Hebu tuone yamekula wapi."

Boliti za silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, zilikataa. Alizipaka mafuta, akazigonga, akazitukana, akazibembeleza. Mimi nilikuwa nawasha tanuri la mkate huku nikimsikia. Mwisho wakainyanyua hedi wawili, Munji upande mmoja, yeye upande wa pili, wakailaza juu ya gunia. Nikasogea kuangalia, ingawa mimi na injini hatujuani.

Hata mimi niliona. Gasketi, ule utando wa kuzibia chini ya hedi, ilikuwa imekatika kati ya tundu la maji na silinda ya pili, mdomo mweusi uliopasuka. Maji yaliyopitia hapo yalikaa juu ya pistoni miaka yote ile, hayana pa kwenda, yakiguguna chuma taratibu. Silinda tatu zilikuwa na vumbi na giza tu. Ile moja ilikuwa nyekundu kwa kutu, ukuta wake umeliwa mashimo mashimo, pistoni imeshikana nayo imekuwa kitu kimoja. Lazhari akapitisha kidole, akakuta na ufa. Akajaribu kuizungusha injini kwa bomba refu, akaning'inia na uzito wake wote, na si uzito mdogo. Haikutikisika.

"Ami," akasema kwa upole ambao sikumjua nao, "hii haifufuki. Ingefunguliwa wiki ileile, gasketi tu, ungekuwa barabarani. Ni kukaa ndiko kulikoimaliza."

Munji akakaa kwenye lile jiwe lake. Niliona kofia yake mpya ina alama ya oili na roho ikaniuma, nikatamani kumkumbatia, lakini sisi hatukuzoea hivyo, nikamletea chai.

Lazhari ni mtu asiyeweza kukaa na huzuni, kama wengine wasivyoweza kukaa na njaa, na yeye hawezi vyote viwili. Akasema angalau aichomoe rejeta, shaba yake ina maana. "Na ubani je, ami? Mbona hatujaupata?" akachokoza, akicheka. Bomba la chini lilikuwa limegandia kwenye shingo ya rejeta, halitoki kwa kuvuta wala kwa kupindua. Lazhari akawasha kichomeo chake cha gesi, akaanza kulipasha moto.

Nilikuwa nimeinama kwenye tanuri, nabandika mkate wa kwanza kwenye ukuta wake wa ndani, moshi ulipofika. Nikadhani nimechanganyikiwa. Ubani una harufu yake, kila nyumba inachanganya kivyake, na wa kwangu nautambua hata usingizini, maana mimi hutia karafuu nyingi mpaka mama alikuwa akinigombeza. Niliacha mkate na unga mikononi, nikatembea mpaka kwenye rejeta.

"Zima moto," nikamwambia Lazhari. "Kwangua hapo."

Akakwangua na bisibisi. Likatoka donge la manjano iliyokoza, gumu juu, laini lilipopata moto, na ndani yake karafuu zangu zimelala na vichwa vyake. Pembeni mwa donge ndipo lilipokuwa tundu, limezibwa vizuri kabisa. Madereva wa zamani walisema kweli. Rejeta ilipona, injini ndiyo ilikuwa imeshaungua.

Nilikaa chini mavumbini. Nikaanza kucheka, na katikati ya kucheka nikajikuta nalia, nikamvuta Munji kichwa nikambusu juu ya kofia.

"Ulikuwa unasema kweli."

"Si nilikuambia?"

"Uliniambia, lakini ulikuwa upuuzi."

"Ukweli wangu ukiwa wa kipuuzi, nifanyeje mimi?"

Lazhari alikuwa ameshika donge kama ameokota almasi. "Msemo ni wa kweli," akawa anarudia. "Jamani, msemo ni wa kweli." Akamega kipande, akakiweka juu ya bati, akakipiga moto tena kwa furaha tu, na moshi ukapanda ukavuka ukuta. Mke wa jirani akachungulia kuuliza kuna nini, akaambiwa, akapiga kigelegele na kwenda kumwambia mwingine. Kabla chai haijapoa ua wangu ulikuwa umejaa watu wanaonusa rejeta kwa zamu.

"Beba donge hilo umpelekee Saluha," nikamwambia Munji sikioni.

"Siendi."

"Munji, usinitie wazimu."

"Nilitaka nimwendee na gari. Gari limekufa. Nimwendee na kipande cha uchafu, kama niko mahakamani?"

Nilikuwa naokota maneno ya kumtukana vizuri watu walipofungua njia. Saluha mwenyewe alikuwa mlangoni, kajifunga kitambaa haraka haraka, anapumua kwa nguvu.

"Nani anaposwa?" akauliza. "Harufu imenikuta jikoni."

Watu wakaangua kicheko. Munji akasimama, akavua kofia, akaivaa, akavua tena. Akalichukua donge mkononi mwa Lazhari, akamnyooshea.

"Tazama," akasema. "Ulikuwa kwenye rejeta."

Saluha alilipokea, akalinusa kwa utulivu, akanigeukia mimi. "Ubani mzuri, dada Haluma. Karafuu zimezidi."

"Sasa unaniamini?" Munji akauliza, na sauti yake ilikuwa ya kijana wa miaka ile.

"Nilikuamini siku ileile habari ilipotufikia."

Munji akaikunja kofia mkononi.

"Mwongo hutunga uongo wenye akili," Saluha akasema. "Nilimwambia baba, huyu hadanganyi, hakuna mtu mzima anayeweza kutunga jambo la kijinga namna hii. Baba akakataa. Mimi nikakaa dirishani."

"Dirishani kufanya nini?"

"Kukungoja, Munji. Nikasema gari limemfia, maskini, kesho atakuja kwa miguu. Keshokutwa. Mwezi ukaisha. Wachungaji wa kwenu walikuwa wanapanda Tujani na mbuzi wao na kushuka kabla ya adhuhuri, nikiwaona nasema labda yumo. Nilikasirika nawe, ndiyo, na nimekasirika mpaka nimezeeka. Lakini si kwa sababu ya ubani. Wewe ulikuwa na miguu mizima, ukakaa huku kulinda injini."

Lazhari akazima kichomeo. Na mimi, niliyemtetea na kumshuku na kumfulia nguo, haikuwahi kunijia akilini kwamba mtu angeweza kupanda mlima ule kwa miguu akasema samahani.

Munji aliitazama silinda yenye kutu. Kisha akaja kwenye ndoo yangu, akanawa mikono, grisi ikakataa kutoka, akaifuta kwenye suruali.

"Nikija leo kwa miguu," akasema, "mlango utafunguliwa?"

"Baba hayupo. Mlango naufungua mwenyewe."

"Basi tangulia. Nakuja nyuma yako."

"Nitangulie?" Saluha akacheka, na meno yake bado mazuri. "Mimi nimetangulia miaka yote hii, bwana. Twende pamoja."

Wakatoka. Tukajazana mlangoni kuwatazama, bila haya, mpaka Lazhari na mkate wangu mkononi. Iliwachukua muda mrefu kufika kona, kwa ajili ya magoti ya Saluha, na Munji hakuonekana kuwa na haraka hata kidogo.