Mtumbwi wa Begani

Richard mchuuzi alipofungua begi la kwanza, Kassiani hakutazama kilichomo. Alitazama mikono ya Richard. Kassiani alikuwa na miaka tisa ya kuziba pancha karibu na stendi ya Mpanda, na katika miaka hiyo hakuwahi kuona muuza baiskeli mbovu asiyeanza kwa kusifia rangi.

"Kaka, mali hii imetoka kwenye kambi ya watalii iliyofungwa," Richard alisema. "Wazungu wenyewe waliiacha kwa machozi."

"Waliiacha, au yenyewe ndiyo iliyowaacha ziwani?"

Richard alicheka. Kassiani hakucheka. Alikuja kutafuta mtumbwi unaobebeka, na kichwani mwake mtumbwi huo ulikuwa umebeba harusi yake yote.

Kwa mzee Amosi, baba wa mchumba wake Aneth, hakuna barabara. Kijiji chake kimejibanza nyuma ya rasi ya mawe, kusini mwa mji wa ziwani wa Ikola, na mtu hufika huko kwa maji tu. Mara ya kwanza Kassiani alikwenda kuposa kwa boti ya abiria, amevaa suti, na mzee alimpokea vizuri, akamlisha samaki, kisha akamwambia: "Nyie watu wa nchi kavu nawajua. Mnakuja kwa nauli, mnaondoka kwa nauli. Siku ukimuudhi binti yangu saa mbaya, boti ikawa haipo, atarudije kwangu? Anayemtaka Aneth aje na chombo chake mwenyewe. Kisiwe cha kuazima. Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane nitakuwa hapa ufukweni. Usipokuja, usije tena."

Kassiani aliyapindua maneno hayo kila upande kama mtu anayetafuta mwiba kwenye tairi. Pengine mzee alitaka azame. Hakujua kuogelea, na mzee alilijua hilo, maana alikuwa amemuuliza huku akimwongezea ugali.

Mtumbwi wa kwanza wa Richard ulikuwa wa turubai, wenye mbavu za fimbo nyepesi za kuchomekana. Kijitabu chake kilionyesha fimbo kumi na nane. Kassiani alihesabu mara mbili, akapata kumi na saba.

"Hiyo moja haina kazi," Richard alisema.

"Basi na wewe toa ubavu mmoja, tuone kama hauna kazi."

Hata hivyo aliufunga kwenye keria ya baiskeli yake, ili kuutendea haki. Gurudumu la mbele likainuka juu kama mbuzi anayefuata majani ya mti. Safari ya kwenda Ikola ingemchukua siku mbili za kunyonga baiskeli, na basi hakulitaka: begi likishaingia kwenye buti la basi, nani anajua litashuka wapi? Akaufungua, akaurudisha.

Wa pili ulikuwa wa kujaza upepo. Ukikunjwa unaingia kwenye begi la mgongoni, na kasia lake lilitoka vipande vinne. Kassiani aliujaza upepo, akaomba beseni na sabuni, akaupaka povu vyumba vyake vyote vitatu: cha kushoto, cha kulia na cha sakafuni. Kisha akalaza shavu juu yake, akifuata kila mshono, anasikiliza.

"Fundi," muuza maandazi wa jirani alipiga kelele, "umehamia huko? Aneth ana habari?"

Kassiani akahamia mshono mwingine. Alisikiliza mpaka povu likamkauka shavuni. Haukuvuja popote, na jambo hilo lilimtia wasiwasi zaidi ya kama ungevuja. Na walipokwisha kupatana bei, Richard alimtilia ndani ya begi kopo dogo la gundi na vipande vya viraka.

"Mbona unanipa dawa kabla sijaugua?"

"Ni vyake, kaka. Vilikuja nao."

"Wewe umekiona kitu," Kassiani alisema, na akaondoka akiwa ameshaamini kwamba ameuziwa ugonjwa.

Aliondoka Mpanda alfajiri ya Alhamisi, begi likiwa limefungwa kwenye keria kwa mipira minne na mnyororo wa kufuli. Alipopumzika, alikaa juu yake. Alipolala kwa shangazi yake njiani, alililazia kichwa, na shangazi akauliza amebeba nini humo. Alimjibu kuwa ni hema. Shangazi akamtazama, akaitazama na kufuli, na usiku huo akafunga mlango wa chumba chake kwa komeo.

Ikola aliingia Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi alikwenda ufukweni, penye wanawake wanaogeuza dagaa juani, akafungua begi na kuanza kupampu. Watu wakaacha kazi. Kadiri mtumbwi ulivyovimba ndivyo na wao walivyosogea, mpaka mvuvi mmoja wa makamo, mikono imefungwa kifuani, akasimama mbele yake. Jina lake Cleophas.

"Habari ya safari."

"Nzuri."

"Mwezi uliopita tumeibiwa injini mbili hapa," Cleophas alisema taratibu, kama anayeeleza habari za mvua. "Sasa mimi najiuliza. Mtu anayekunja mtumbwi akauweka begani, anamkimbia nani?"

"Simkimbii mtu. Naenda kwa mzee Amosi."

"Kufanya nini?"

"Mambo ya familia."

"Amosi ni binamu yangu. Familia yake naijua. Wewe humo sijakuona."

Mama mmoja akacheka, akatupa dagaa juu, wakatua upande wa pili. Kassiani aliona uso unamwaka. Akapampu kwa hasira. Aliujaza kama anavyojaza tairi la baiskeli ya kubebea mkaa: unapiga kwa kifundo cha kidole, ukilia kama ngoma, ndipo unaacha. Ulipolia kama ngoma, akaongeza tena kidogo, ili Ikola nzima isikie.

Cleophas aliinama, akaugusa. "Punguza upepo, fundi. Na jua hili likipanda halitaki mchezo. Uweke kwenye banda langu pale, kuna kivuli."

Hapo ndipo Kassiani alipopata alichokuwa anakitafuta. Kwa nini mtu aliyemwita mwizi sasa hivi anautaka mtumbwi wake bandani kwake? Banda lina mlango. Mlango una kufuli, na ufunguo uko kwa nani?

"Utakaa hapa hapa," alisema. "Kujaza upepo ndiyo kazi yangu, tangu kabla wewe hujaniona."

"Haya."

Alikaa kando ya mtumbwi kama kuku juu ya mayai. Ziwa lilishaanza kuchafuka kwa upepo, kwa hiyo angevuka kesho yake, Jumapili yenyewe, mapema. Saa tano jua lilikuwa limeuchemsha mchanga mpaka wanawake wanakanyaga kwa vidole. Kassiani alikuwa anakunywa maji ya chupa uliposikika mlio mmoja, PAA! Kuku wakaruka, mtoto akaanza kulia, na mama mmoja akajirusha kifudifudi juu ya dagaa wake. Ubavu wa kushoto wa mtumbwi ukalala chini, pembeni mwa mshono kuna mpasuko wa urefu wa kidole.

Wa kwanza kumjia akilini alikuwa Richard. Wa pili Cleophas; akageuka haraka kuangalia alipo na kama ana kisu. Cleophas alikuwa mbali, ameshika nyavu. Kisha akautazama mpasuko kwa macho ya kazi yake, na macho hayo hayakumdanganya. Kingo zake zilikuwa zimechanika kutoka ndani kwenda nje. Mara ngapi amewaambia wateja wasiache tairi lililojaa sana juani?

Alikaa chini. Kesho ndiyo Jumapili.

Cleophas alikuja. Kassiani alisubiri kicheko, hakikuja. Mvuvi aliweka ubao kwenye mchanga, akasimamisha mkeka kutengeneza kivuli.

"Gundi unayo?"

Kassiani alifungua begi, akatoa kopo la Richard kana kwamba linauma. Aliusugua mpasuko kwa msasa, akausafisha, akapaka, akasubiri gundi ishike, akabandika kiraka, Cleophas akakandamiza kutoka upande wa ubao. Kassiani alilainisha kingo za kiraka kwa kidole gumba. Hiyo ilikuwa kazi yake, na kila mtu ufukweni aliona kwamba ni kazi yake.

"Kikauke mpaka kesho asubuhi," alisema.

"Bandani?"

Kassiani alilitazama banda. "Bandani."

"Sasa njoo. Unajua kupiga kasia?"

"Najua kunyonga pedeli."

"Basi njoo nikufundishe kwenye mtumbwi wangu, pale kwenye maji ya magotini. Vua viatu."

Ile hofu ya zamani ikaruka tena. Buti alizovaa zilikuwa mpya. Mtumbwi tayari uko bandani kwake, sasa anataka na viatu! Kassiani alivua, akazifunga kamba kwa kamba, akazivaa shingoni kama mkufu. Wanawake wa dagaa walishikana mabega kwa kucheka.

"Mwizi anaogopa kuibiwa!" mmoja alisema.

Cleophas naye alicheka mpaka akakaa ukingoni mwa mtumbwi. "Ndugu yangu, buti zako ni ndogo kwangu. Hapa hatupandi chombo na viatu, hata awe nani. Hata mkubwa wa wilaya akija anavua. Viatu ni vya barabarani. Gogo linaloelea tu ndilo unalolikanyaga vyovyote, lakini chombo unakivulia."

Walipokuwa wakipiga kasia, Kassiani alimweleza Cleophas sharti la mzee. Jumapili, jua halijashika, aliukuta mtumbwi pale pale alipouacha. Alijaza upepo kidogo, mpaka ukabonyea kwa kidole gumba, akavaa jaketi la kujiokolea lililokuwa humo begini. Cleophas alimsindikiza kwa mtumbwi wake kwa umbali mzuri, na kila Kassiani alipogeuka alimkuta yupo. Jicho moja la Kassiani lilikuwa kwenye kiraka. Alipiga kasia kushoto, akatazama kiraka. Akapiga kulia, akatazama kiraka.

Walipozunguka rasi, Cleophas alisimama. "Nenda mwenyewe. Amosi asije akasema umeletwa."

Mzee Amosi alikuwa ufukweni, na Aneth nyuma yake, kanga mdomoni. Mzee hakusalimia. Aliuzunguka mtumbwi, akaubonyeza, akainama akalaza sikio juu yake, akasikiliza kila upande. Kassiani aliijua kazi hiyo.

"Hapa pana kiraka."

"Ndiyo, baba."

"Umeuziwa kibovu."

Neno la kumtupia Richard lilikuwa ulimini tayari. "Hapana, baba. Kilikuwa kizima. Nilikipasua mimi jana. Nilijaza upepo kupita kiasi nikakiacha juani."

"Hukuambiwa?"

"Niliambiwa. Sikutaka kusikia."

"Na kiraka?"

"Nimeweka mimi."

Mzee alimtazama usoni, akashuka mpaka kwenye miguu mitupu, yenye tope na mchanga, akapanda tena mpaka shingoni.

"Buti hizo?"

"Sikuwa na mtu wa kumwachia."

Aneth alicheka ndani ya kanga. Mzee hakucheka. Alitazama ziwa, akautazama mtumbwi ule wa upepo uliokuwa unacheza kwenye maji machache, mwepesi kama kitu cha watoto. Kassiani aliona kabisa kwamba haamini hata nusu ya anachokiona.

"Binti yangu hapandi kabla sijapanda mimi," alisema mwishowe.

Kisha akainama, akavua kandambili zake za tairi, moja, halafu ya pili, akazipiga pamoja kukung'uta mchanga, akamnyooshea Kassiani.

"Nishikie hizi," alisema, akiweka mguu mtupu ndani. "Na usikimbie nazo Mpanda."