Aliyelala Ndani

Siwema alikuwa na haraka siku ile, na haraka hiyo hatajisamehe. Tangu asubuhi alikuwa juu ya baiskeli akiandikisha watoto wadogo kwa ajili ya kituo kipya cha malezi, Kisanga, ambako kila aliyeandikwa angepimwa na kupewa unga wa lishe. Alifika boma la Koileken jua limechachamaa, kiuno kinamuuma.

"Shikamoo, mama," alisema Naserian, mke wa Koileken, mtoto mgongoni.

"Marahaba, mwanangu. Una watoto wangapi?"

"Wapo."

"Wapo wangapi?"

"Mungu anawajua."

Siwema akasonya. Alikuwa ameishi jirani na wafugaji miaka yote, alijua fika kwamba mama huyu aliogopa kuhesabu watoto wake, asije akawaitia mauti. Alichotakiwa ni kuinama tu, aingie ndani, aone kwa macho yake. Wapi! Aliuliza jina la aliye mgongoni tu, akaandika: Leshan, mmoja.

Miezi mitatu Naserian alikuja kituoni kwa miguu na Leshan wake, akachukua pakiti yao ya unga. Mtoto hakunenepa. Kila utepe wa kupimia lishe ulipozungushwa mkononi mwake ulisoma njano, rangi ya upungufu. "Unga mnakula wewe na mumeo, ee?" Siwema alimtania, na akina mama wakaangua kicheko. Naserian alicheka kidogo, akambeba mwanawe, akaenda zake.

Mwezi wa nne hakutokea. Siwema akamfuata. Nyuma ya boma alikuta kaburi dogo limefunikwa miiba, fisi wasilifukue. Akadhani ni Leshan. Lakini mbona Leshan huyu hapa, mapajani mwa mama yake?

"Ni Sapit," alisema Naserian, akielekeza kidevu kaburini. "Pacha wa huyu. Siku ile alikuwa amelala ndani."

"Na unga?"

"Ulitoka wa Leshan tu. Niligawa nusu kwa nusu. Sapit akaanza kuharisha, hakuwa na nguvu."

"Jamani, Naserian! Mbona hukuniambia?"

"Uliuliza hesabu, mama. Ungeuliza majina, ningekutajia wote wawili."

Siwema alitaka kuomba radhi. Akafungua daftari bila kujua anatafuta nini. Naserian akalitazama, akaweka kidole chini ya jina la Leshan. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Siwema zaidi.

"Usifute, mama," alisema. "Sasa ni mmoja, kama ulivyoandika."