Jiwe Chini ya Tairi

Renatus hakuwa mtu wa hendibreki. Si kwamba ilikuwa mbovu. Pikapu yake ilikuwa kuukuu, lakini breki zote zilishika. Shida ilikuwa malezi. Popote alipoegesha, iwe kanisani kwao Makoko au mwaloni kule ziwani alikokwenda kununua samaki, aliliacha gari bila gia wala hendibreki, akatoa jiwe lake nyuma ya kiti, akalisukumiza chini ya tairi, akaondoka bila kufunga mlango. Watoto wake walimsema hadi wakachoka. Yeye aliwajibu jibu lilelile: "Mtu akitaka kupita, atapitaje?"

Jumamosi ile alifanya vivyo hivyo mbele ya supamaketi moja pale Musoma mjini. Alimwambia na mlinzi, mwanamke wa makamo aitwaye Lukresia, mwenye filimbi shingoni na mabuti yaliyomzidi miguu.

"Mama, likimzuia mtu, toeni jiwe mlisukume."

Lukresia akacheka. "Mzee, watu wa huku watakusukumia ziwani."

Siku nyingine angesimama wataniane. Leo alikuwa na safari ya Butiama kumuaga Mugeta, rafiki yake tangu wakiwa wachunga ndama. Mugeta alikuwa amefiwa na mke, macho nayo yakamwisha, na sasa binti yake Debora alikuwa amekuja na mumewe kumchukua akaishi nao Njombe. Wangeondoka saa sita mchana ili walale Mwanza. Kwa umri wa wazee hawa wawili, safari ya Njombe haikuwa na marudio. Hakuna aliyelisema hilo, lakini Renatus alilijua, na usiku kucha lilikuwa limemkaa kifuani. Watu wengine unaweza kuwaaga kwa simu. Mugeta hapana. Mugeta ilibidi amshike mkono.

Njombe kuna baridi, ndiyo maana akapita kununua blanketi. Akachagua moja zito la rangi ya kahawia, akapanga foleni nyuma ya bwana mmoja aliyebishania bei ya mafuta ya kula hadi meneja akaitwa. Alipotoka nje bado alikuwa na muda wa kutosha. Kilichokosekana ni gari.

Moyo ulimlipuka. Kisha akaiona pikapu yake kule pembeni kabisa, imesukumwa hadi pua ikakaribia kugusa ukuta, jirani na pipa la taka. Nyuma yake, umeuziba mkia wake wote, umelala mshazari juu ya nafasi za magari mawili, ulikuwepo mgari mweupe unaong'aa. Jiwe lake lilikuwa limetupwa kwenye maua.

"Si nilikwambia?" Lukresia alikuja akiburuta mabuti. "Mwenye huo mweupe alitaka nafasi yako, iko karibu na mlango. Nikamwambia mzee ameruhusu kusukuma. Wakasukuma, akaingia. Kidogo tu jua likampiga, akahamia huku kwenye kivuli. Nikapiga filimbi mpaka mate yakaisha. Akaniambia anaingia kununua mkate."

Renatus akayatazama maegesho yale kama mara yake ya kwanza kuyaona, na alichokiona hakikumpendeza. Toroli tupu zilikuwa zimeachwa nyuma ya magari ya watu, kila moja pale ilipomchosha mwenyewe. Mama mmoja alikuwa amesimama katikati ya njia ya kutokea, injini inaunguruma, anaongea na simu kuhusu sare za harusi. Mwingine alifungua mlango wake ukagonga wa jirani, akaupangusa kwa kidole, akaangalia kulia na kushoto, akajiendea. Na wote hao, ukiwakuta nyumbani kwao, watakukaribisha chai na hawatakubali uondoke bila kula. Mtu mwema akishika usukani anaingiwa na nini?

Enzi za pamba kule Bunda haikuwa hivyo.

Msimu ulipofika, Renatus na Mugeta walitoka kijijini na mkokoteni wa ng'ombe, magunia yamepangwa hadi juu, wakatembea na usiku ili wafike kituo cha kununulia pamba kabla ya jua kali. Walikuta mikokoteni mingine imeshajaa, imebanana kuanzia kwenye mizani hadi barabarani. Na wenyewe hawapo! Wamepeleka ng'ombe majini, wamekwenda kunywa uji, wamelala kivulini. Lakini hakuna aliyeziba njia, kwa sababu kila mkokoteni uliachwa huru, mti wa nira umeelekezwa njiani na jiwe liko chini ya gurudumu. Ukitaka kupita unatoa jiwe, unavuta, unapita, unaurudisha ulipokuwa, unarudisha na jiwe. Huombi ruhusa. Na mwenyewe akirudi hakuulizi. Renatus aliulizwa mara nyingi na wanawe kwa nini anaukumbuka umaskini kwa furaha namna hiyo, naye hakuwahi kupata jibu la kuwatosheleza. Alichokuwa akikikumbuka ni kule kulala usingizi kivulini ukijua kwamba mali yako iko mikononi mwa usiowajua, na wako salama nayo, nayo iko salama nao.

Mwaka mmoja tu alitokea mtu aitwaye Machage, mgeni wa mambo, akafunga gurudumu la mkokoteni wake kwa mnyororo kwenye mti, akaenda kunywa pombe. Watu wakasubiri. Mugeta ndiye aliyechoka wa kwanza. Akavua shati, akaita wenzake, wakashusha magunia yote ya Machage, wakaugeuza mkokoteni na mnyororo wake hadi ukaacha njia, wakayapandisha magunia tena, wakayapanga vizuri kuliko alivyoyapanga mwenyewe. Machage aliporudi hakukosa hata kipande cha pamba. Alikosa mtu wa kumtazama bila kucheka, msimu mzima.

Simu ililia. Alikuwa Debora.

"Shikamoo Baba Mkubwa. Umefika wapi?"

"Marahaba mwanangu. Niko Musoma, nimezibwa na gari."

"Baba Mkubwa, sisi saa sita kamili tunatoka. Barabara ya Mwanza ikiingia giza mume wangu haoni vizuri. Samahani sana."

"Nisubirie, mama."

"Nitajaribu," alisema Debora, kwa ile sauti ya mtu aliyekwisha kuamua.

Lukresia aliingia ndani kumtafuta mwenye gari, akarudi amenuna. Alikuwa amemkuta kwenye kona ya chakula, amekaa dirishani anakula chipsi, akasema dakika mbili. Kweli, kwa pale nje alionekana, kijana wa miwani myeusi, shati limenyooshwa. Renatus akampungia mkono. Kijana akainua kidole kimoja, akaendelea kutafuna.

Ikabidi mzee aingie mwenyewe.

"Mwanangu, samahani kukukatiza. Naenda kumuaga ndugu yangu, anaondoka leo. Nisogezee kidogo tu."

"Mzee, si nimeshasema dakika mbili?" Kijana hakuinua uso. "Kwani hilo gari lako ndio limekuwa la wagonjwa? Kaa hapo upoe."

Renatus alikuwa na ulimi wa kumjibu. Alizaliwa na kukulia Mara, maneno makali hayakumpitia mbali. Lakini alipofungua kinywa alihisi machozi yanatangulia, na hakutaka kulia mbele ya sahani ya chipsi. Akatoka.

Nje alisimama akiutazama ule mgari mweupe. Ulikuwa umefungwa milango, umevutwa hendibreki, umewekwa na kile kijitaa chekundu kinachopepesa ndani kumwonya mwizi. Machage na mnyororo wake. Hapo ndipo Mugeta alipomjia, si huyu wa leo mwenye fimbo, bali yule wa Bunda aliyevua shati.

Akawageukia waendesha bodaboda waliokuwa kivulini ng'ambo ya geti.

"Vijana! Nani hapa kwao kuna ng'ombe?"

Wakatazamana. Mmoja wao, Silasi, mwenye mabega mapana, akajibu, "Kwetu wapo, mzee. Unauza?"

"Siuzi. Nataka mninyanyulie kitu."

Alipowaeleza walicheka, na alipowaambia anakwenda kuaga mtu waliacha kucheka. Wakaja karibu wote. Silasi akashika bampa ya nyuma, wengine wakajipanga, na Renatus mwenyewe akaingiza mikono katikati yao.

"Mzee, kaa pembeni, utatuletea msiba mwingine."

"Nilinyanyuaga mikokoteni kabla baba yako hajaoa. Haya!"

Walianza kuudundisha ule mgari kwenye springi zake, chini, juu, chini, juu, na kila ulipopanda waliusogeza. Alamu ikaanza kupiga yowe. Mama wa sare za harusi akaacha simu. Watu wakatoka dukani na mifuko yao kuangalia. Lukresia, ambaye kazi yake ilikuwa kuzuia mambo kama haya, alipiga filimbi kwa kila mdundo ili waende pamoja.

Kijana wa miwani alitokea mbio, chipsi moja bado iko mkononi. "Nani amegusa gari langu?"

"Lipo, bosi," alisema Lukresia. "Halijakwaruzwa. Limenyooka tu."

Na kweli lilikuwa limenyooka. Lilikuwa limekaa katikati ya mistari ya nafasi moja, sawasawa, na katika maegesho yote halikuwepo jingine lililokaa vile. Umati ukaangua kicheko. Renatus hakubaki kucheka nao. Aliwashika mikono vijana wale mmojammoja, akarudi nyuma na pikapu yake, akatoka getini huku Silasi akimsimamishia magari barabarani.

Alikimbiza lile gari kuliko lilivyowahi kukimbizwa. Alipofika Makutano saa sita ilikuwa imekwisha kupita. Alipokata kuelekea Butiama alianza kuongea peke yake, akimwambia Mugeta yale aliyotaka kumwambia, kwa sababu aliona hatamkuta. Alimwambia kwamba uji wa Bunda hajawahi kuupata tena. Alimwambia kwamba alipomwoa mke wake alimwogopa kwanza Mugeta asije akamkataa mwanamke huyo. Alimwambia mambo ya kipuuzi pia. Kila gari lililokuja kwa mbele alilichungulia ndani, akitegemea kumwona rafiki yake anapita.

Alipoingia kwenye ua wa Mugeta, gari la Debora lilikuwa bado lipo.

Mizigo ilikuwa imefungwa juu. Mume wa Debora alikuwa ameketi kwenye usukani, mlango wazi, mguu mmoja nje, uso umekunjamana. Debora alikuwa amesimama mikono kiunoni, na majirani waliokuja kuaga walikuwa wameegemea ukuta wakijifanya hawaoni kitu. Na nyuma ya gari, katikati kabisa ya njia pekee ya kutokea, Mugeta alikuwa ameketi kwenye kigoda, fimbo magotini, kofia kichwani.

"Baba Mkubwa, afadhali umekuja," alisema Debora, na sauti yake ilikuwa na hasira na kilio. "Tulipowasha gari tu, akatoka na kigoda chake, akakaa hapo. Hatuwezi kurudi nyuma. Mume wangu kamwomba, katekista kamwomba. Anasema haondoki."

"Sikusema siondoki," alisema Mugeta bila kugeuka. "Nilisema simpishi mtu mpaka Renatus afike. Huyo ni Renatus? Hiyo injini inakohoa kama yeye."

"Ni mimi."

"Umechelewa. Hata siku ya harusi yangu ulichelewaga."

"Nilizibwa na gari mjini. La kijana mmoja anakula chipsi."

Mugeta akaanza kucheka, mabega yakimtikisika. "Sasa umeona? Na mimi nimeziba."

Renatus akaketi chini kwenye vumbi, kando ya kigoda, na suruali yake safi. Akaliweka lile blanketi kwenye magoti ya mwenzake, naye Mugeta akalipapasa kwa vidole akilipima uzito. Akamsimulia habari ya kule mjini, tangu jiwe kutupwa kwenye maua hadi mgari kudundishwa, na Mugeta akamkatiza mara kwa mara kuuliza nani alishika wapi. Wakafika kwa Machage. Wakafika kwenye uji. Wakaanza tena. Debora alisogea mara moja akiwa na neno mdomoni, akamtazama baba yake anavyocheka, akarudi akakaa kwenye kizingiti cha mlango. Mumewe akauingiza ule mguu ndani ya gari na kuegemeza kichwa.

Kivuli cha nyumba kilipowafikia, Mugeta alishusha pumzi.

"Haya. Nisogeze, watoto wana safari."

"Kaa kidogo."

"Nikikaa zaidi nitakuwa mtu mbaya. Nisogeze wewe. Hawa wananivutaga mkono kama mbuzi."

Renatus akainuka kwa shida, akajipangusa vumbi. Akapitisha mikono chini ya makwapa ya rafiki yake, akatanua miguu, akakaza mgongo kama mtu anayejiandaa kumwinua Mugeta yule wa Bunda, kisha akavuta. Nusura aanguke chali. Hakukuwa na kitu cha kuinua. Ndani ya lile koti kubwa kulikuwa na mifupa na joto kidogo, basi, na kofia ya Mugeta ilikuja ikagota begani mwake.

Kigoda kilianguka pembeni na njia ikawa wazi. Renatus aliendelea kumshikilia palepale, nyuma ya gari, na Mugeta naye hakumwambia amwachie. Debora alishaingia garini na kufunga mlango, injini imewashwa. Mumewe alikuwa ameweka mkono juu ya honi, akautoa, akazima injini.