Mwanamke wa Bandani

Jina la Bi Macho hakubatizwa nalo. Alipewa na mtaa, kwa sababu hakuna kuku aliyevuka uzio bila yeye kujua, wala jirani aliyetundika pazia jipya akapita bila kuulizwa kalitoa wapi. Kwa hiyo maziwa ya ng'ombe wake Shukrani yalipoanza kupungua, hakungoja kuambiwa. Aliona jinsi ndoo inavyobebwa. Ndoo iliyojaa humvuta mtu bega moja chini. Shemeji yake alikuwa anakuja nayo akiipunga, kama mtu anayetoka dukani na kiberiti.

"Hayo tu?" Bi Macho aliuliza, akiwa amekaa kwenye kizingiti cha jikoni.

"Hayo tu, shemeji. Ng'ombe kazeeka huyu."

"Kazeeka tangu juzi?"

"Kwani ulitaka uzee umwandikie barua kwanza?"

Bi Macho hakucheka. Aliichungulia ndoo, akachungulia na uso wa shemeji. Hapa pana namna, alijiambia.

Shukrani alikuwa ng'ombe wake mmoja tu. Marehemu mumewe alimleta akiwa mtamba mwembamba, na tangu alipozaa kwa mara ya kwanza hakuwahi kukamuliwa na mkono mwingine. Kila asubuhi Bi Macho alivaa gauni lake la kijani lililopauka, akafunga kilemba, akaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, akakikausha, kisha akakaa kwenye kigoda na kuegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe, akiimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini. Hapo Shukrani aliachia maziwa bila kusumbua. Halafu siku moja Bi Macho akateleza kwenye sakafu ya banda, kifundo cha mkono kikavunjika, na hospitali wakamfunga plasta ngumu mpaka kwenye kiwiko.

Ndipo akaja shemeji, mdogo wake marehemu. Mtaani walimwita Lori, kwa kazi yake ya zamani ya udereva na kwa mabega yake. Kazi ilikwisha, nyumba ya kupanga ikamshinda, akafika na begi lake akisema amekuja kusaidia. Akapewa chumba cha stoo. Mara maziwa yakaanza kupungua, na haukupita muda Bi Macho akasikia kwa jirani yake, fundi cherehani, kwamba Lori alionekana akizungumza na mwenye bucha.

Alimuuliza wazi. Shemeji hakukana.

"Nimemwambia aje Jumamosi ya mwisho wa mwezi amwone tu. Kumwona si kumuuza."

"Mwenye bucha haendi kuona ng'ombe kama watu wanavyokwenda kuona maua."

Jambo lenyewe lilikuwa hilo. Ng'ombe asiye na maziwa hula sawasawa na mwenye maziwa, na Bi Macho alikuwa ameapa kwamba hatafuga mnyama asiyeweza kumshibisha. Maziwa yasiporudi, Jumamosi angelazimika kumtoa Shukrani, akabaki na banda tupu na shemeji ndani ya stoo. Na kila alipowaza nani angefaidika na hayo, jibu lilikuwa na mabega mapana.

Alimwita daktari wa mifugo. Daktari alikikamua kiwele matone ya kwanza ndani ya kikombe cheusi, akakiinua kwenye mwanga. Kulikuwa na vibonge vidogo, kama maziwa yaliyoganda. Akapapasa chuchu ya nyuma upande wa kushoto.

"Hapa pameanza kuwaka moto," alisema. "Mama, maziwa yapo. Ama hayatolewi yote, ama yanatolewa hayafiki ndani. Nyinyi wenyewe mnajua. Lakini yakiendelea kubaki kwenye kiwele, chuchu hii mtaipoteza."

Akatia dawa, akaonya kwamba maziwa ya siku za dawa, na siku kadhaa baada yake, yamwagwe yote shimoni. Asipewe mtu, asipewe ndama, asipewe hata mbwa. Na ng'ombe asipigiwe kelele, kwa kuwa mnyama mwenye hofu hubana maziwa.

Katika maneno yote hayo, Bi Macho alibaki na moja lililomkwama kama mwiba wa samaki: yanatolewa hayafiki ndani. Alimgeukia shemeji. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni akitazama viganja vyake. Hilo Bi Macho akalitia akibani.

Kuanzia kesho yake mambo yakabadilika. Kwanza, mlango wa banda, uliokuwa ukiachwa wazi wakati wa kukamua, ukaanza kufungwa kwa ndani. Pili, gauni lake la kijani halikuwa kwenye msumari. Alilitafuta asubuhi nzima, na jioni akalikuta palepale linaponing'inia siku zote, limelowa pindoni, linanuka ng'ombe, na mshono wa kwapa umefumuka.

Alimpelekea fundi. Fundi akavaa miwani, akavuta kitambaa huku na huku.

"Uzi haujaoza huu. Umetanuliwa. Aliyevaa gauni hili si wewe, jirani. Wewe ukilivaa linakuning'inia. Huyu limemkaba."

"Unasema kuna mwanamke?"

"Mimi nasema habari za kwapa tu," fundi alisema, akiinamia cherehani. Lakini hakuweza kuvumilia. "Ila jana nilipokuwa naanika nguo, nilichungulia kwenye upenyo wa uzio. Nimeona kilemba kinapita bandani. Mgongo mpana! Mwanamke ameshiba huyo."

"Ameshiba maziwa yangu," Bi Macho alisema. Gauni akalirudisha kwenye msumari, liwe mtego.

Basi picha yote ikakamilika. Shemeji amejiletea mwanamke. Anamwingiza kwa nyuma, anamvika gauni la mwenye nyumba ili jirani akichungulia adhani ni Bi Macho. Wanakamua, mwanamke anaondoka na yake, ndoo inaletwa jikoni ikiwa nyepesi. Ng'ombe ataonekana mzee, mwenye bucha atakuja, na wawili hao watagawana kilichobaki.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa wimbo. Asubuhi iliyofuata alitega sikio dirishani akausikia kutoka bandani, wimbo wake mwenyewe, sauti nyembamba ya kubana pua, ikirudia ubeti wa kwanza, na tena ubeti wa kwanza. Amelichukua gauni, anakamua ng'ombe, na sasa anaimba wimbo wa Mungu akiiba! Bi Macho alipiga magoti kando ya kitanda, mkono wa plasta juu ya godoro. Hakuomba mabaya. Aliomba tu Bwana amfichue mtu huyo, na aibu yake ionekane mchana kweupe.

Akiwa mtu wa haki, alikwenda pia kukagua shimo. Maziwa ya siku za dawa yalikuwa yamemwagwa kweli. Udongo ulikuwa mweupe na nzi wamejazana. Alisimama akilitazama muda mrefu. Amemwaga kidogo ili nione, aliamua.

Siku za kumwaga zilipokwisha, ndoo ikaanza kuja jikoni tena, na safari hii ikamvuta shemeji bega chini kidogo. Mtu mwingine angefurahi. Bi Macho aliona ni ujanja. Ameshtuka, sasa anarudisha kiasi ili ninyamaze. Kama leo yamepatikana haya, ya jana yalikwenda wapi?

"Yameongezeka, shemeji," Lori alisema, akiangalia pembeni.

"Naona."

"Hufurahi?"

"Nafurahi ndani kwa ndani."

Jumamosi ya mwenye bucha ilipofika, alfajiri hakusubiri. Alimgongea fundi awe shahidi, akashika ufagio kwa mkono mzima, wakavuka ua wakinyata. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, lakini Bi Macho alijua ubao upi umelegea na komeo linasukumwaje kutoka nje, alilitia mwenyewe. Ndani wimbo ulikuwa unaendelea, ubeti wa kwanza.

Akasukuma mlango.

Alikuwepo. Amekaa kwenye kigoda, amewapa kisogo, gauni la kijani limemkaza mgongoni, kilemba kimekaa upande kama chungu kinachotaka kuanguka, paji la uso limeegemea ubavu wa Shukrani.

"Wewe mwanamke!" Bi Macho aliinua ufagio. "Simama nikuone uso!"

Mwanamke hakusimama. Hakugeuka hata kichwa. Akajibu kwa sauti nzito ya kiume:

"Shemeji, tafadhali, usipige kelele. Ndiyo kwanza anaachia."

Ufagio ulibaki juu. Nyuma ya Bi Macho, fundi alitoa mlio kama wa birika la maji linaloanza kuchemka, akaziba mdomo kwa kanga, akaketi chini kwenye majani.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, sasa nitakuwa nani?"

"Mwanamke yuko wapi?"

"Mwanamke gani?"

Bi Macho alizunguka banda, akachungulia nyuma ya hori, akafunua hata gunia la pumba. Hapakuwa na mtu. Shukrani alimfuata kwa macho, akitafuna taratibu.

"Nikuambie ukweli," Lori alisema, mikono ikiendelea kuvuta, chururu, chururu. "Alinikataa tangu siku ya kwanza. Nikimgusa anabana. Wiki ile alinirusha mpaka horini. Nikaona wewe ukijua siwezi kazi hata hii, utaniambia nibebe begi langu. Na mimi sina pa kulipeleka. Nikasema ni uzee. Nikamwita mwenye bucha. Hapo nilikosa, shemeji. Halafu daktari akasema maziwa yapo hayatolewi, nikajua ni mimi. Nitampoteza ng'ombe wa kaka kwa mikono yangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambieje? Shemeji, shikamoo, naomba gauni?"

Fundi chini pale alishindwa kabisa, machozi yakamtoka. Bi Macho alimkumbuka daktari, maneno yale mawili, na jinsi yeye alivyookota moja na kumwachia mwenzake lingine. Na akakumbuka ombi lake la kando ya kitanda. Aibu ilikuwa imeonekana kweli mchana kweupe, ila hakuwa na hakika tena ni ya nani.

Lakini hakuwa mtu wa kuamini maneno matupu. Aliweka ufagio chini, akachukua kikombe cheusi, akainama kwa shida. Kwa mkono wa kushoto alipapasa chuchu ya nyuma. Ilikuwa imepoa, laini, kama sikio la ndama. Akakamua matone kikombeni. Safi.

"Unamkausha kiwele kabla ya kuanza?"

"Kwa kitambaa safi."

"Na jana jioni? Ndoo ilipungua mahali. Niliona mstari wa pale maziwa yalipokuwa yamefika."

Lori alisita. "Nilikunywa kikombe kimoja."

"Nilijua!" Bi Macho alisema, na uso wake ukang'aa kwa mara ya kwanza tangu avunjike mkono.

Hapo hodi ikapigwa getini. Ni mwenye bucha, na kamba begani. Lori alinyanyuka bila kufikiri, akatoka kwenda kumfungulia, gauni likimfika magotini. Mwenye bucha alirudi nyuma hatua moja.

"Bwana Lori! Kulikoni? Umeolewa?"

"Nimeajiriwa," Lori alisema. "Na mambo ya ng'ombe usiniulize mimi. Mwenye ng'ombe yule pale."

Wote wakamtazama Bi Macho mlangoni pa banda. Aliitazama kamba. Nyuma yake alisikia Shukrani akihema.

"Leo haonekani," alisema. "Wala kesho. Funga geti ukitoka, kuku wanahama."

Mwenye bucha aliondoka akitikisa kichwa, na habari ya gauni ingefika sokoni kabla yake. Fundi alikuwa ameshatoweka. Lori akarudi kwenye kigoda, masikio yamemwiva, akaegemeza paji la uso na kuanza ubeti wa kwanza. Maziwa yakaja, yakapungua, yakakatika.

"Hapo ndipo huwa anagoma," alisema. "Kila siku."

"Kwa sababu unarudia. Anangoja ubeti wa pili."

"Siujui."

"Kanisani ulikuwa unakwenda kufanya nini?" Bi Macho alisogea. "Na kilemba umekifunga kama mzigo wa kuni. Inua kichwa."

Fundo lilitaka mikono miwili, naye alikuwa na mmoja. Alishika ncha moja, Lori akashika nyingine.

"Vuta," alisema, naye akaanza ubeti wa pili.