Jino la Nkwabi

Mara ya tatu Nkwabi kuruka kutoka kwenye kiti, Justa alivua glavu, akazitupa kwenye ndoo ya taka na kusema sasa basi. Miaka kumi na moja ya unesi katika kliniki ya meno pale Kahama, hajapata kuona mtu kama huyu. Mchimbaji mzima, anayeshuka mita themanini ardhini kwa kamba, anakimbia sindano ya ganzi!

"Nkwabi, shavu limevimba kama umeficha embe. Unataka usaha ukuue?"

"Siyo sindano, nesi. Ni hiki kiti. Nikilala hivi, pumzi inakata."

Daktari Abel alichukua simu yake, akafungua ule muziki wake. Justa akakunja uso. Muziki ule ulimchosha kuliko wagonjwa: piano peke yake, taratibu, halafu fidla mbili tatu kwa mbali, hakuna anayeimba, bega halitingishiki. Daktari alisema waliotunga wako hai, wala si wa kale. Amwambie mara ngapi kwamba wagonjwa wanadhani kuna msiba?

"Daktari, tafadhali. Foleni imefika barabarani."

"Mpe dakika mbili."

Dakika mbili! Justa akashika kiuno, akisubiri Nkwabi aruke tena. Piano ikadondosha sauti moja. Ikanyamaza. Ikadondosha nyingine. Mabega ya Nkwabi, yaliyokuwa yamepanda mpaka masikioni, yakashuka.

"Mwaka jana tulifukiwa shimoni," alisema, macho kayafumba. "Siku mbili, nimelala chali hivi hivi. Mwenzangu Makoye alikuwa pembeni yangu, akaacha kuitika. Kulikuwa na maji yanadondoka gizani, polepole namna hiyo. Niliyasikiliza hayo tu. Ndiyo yaliyonituliza mpaka wakatufikia."

Justa alivaa glavu mpya, akamshika mkono, na sindano ikaingia bila hata ukope kutikisika. Jino likatoka.

Nje watu walikuwa wanagonga mlango. Nkwabi, pamba mdomoni, hakuinuka. Aliinyooshea kidole simu ya daktari.

"Inuka basi, wenzako wanaumwa!"

Akatikisa kichwa. Wimbo ulikuwa haujaisha.

Justa akasonya, akaenda mlangoni, akachungulia nje. "Na nyie tulieni!" aliwafokea. "Tunamalizia."

Kisha akafunga, akauegemea mlango, akasikiliza.