Mlio Uliomeza Neno

Mkalimani alikuwa amejifungia chumbani, hedifoni masikioni, mahakama nzima ikimtazama kutoka kwenye skrini ya laptop. Hakimu hakujua Kiswahili. Shahidi, mama muuza mkaa, hakujua lugha nyingine. Kizimbani alisimama fundi viatu aliyeshtakiwa kwa kuchoma duka la jirani yake.

Mlio ulianza shahidi alipoapa. Vuuum, kama nyuki waliofungiwa koponi.

Mwendesha mashtaka akauliza: ulimwona mshtakiwa akitoka dukani?

Muuza mkaa akajibu kwa sauti ya chini: "Vuuu...mwona."

Mkalimani akaikandamiza hedifoni masikioni. Nilimwona, au sikumwona?

"Mkalimani, tunasubiri," hakimu alisema.

"Naomba shahidi arudie, mheshimiwa."

Akarudia. Mlio nao ukamfunika vilevile. Mwendesha mashtaka alikuwa tayari anatabasamu, na ingekuwa rahisi kufuata tabasamu lile. Mkalimani akaomba muda kidogo.

"Fanya haraka. Ukishindwa naahirisha kesi, na mshtakiwa anarudi rumande."

Akafunga maikrofoni. Akazima simu, mlio upo. Akachomoa hedifoni, akaipangusa, akaichomeka tena, upo. Akazima feni, wapi! Kiganja chake chenye jasho kikagusa bati la laptop, mlio ukanywea. Alipokiinua, ukavuma upya. Akachomoa chaja.

Kimya.

Lakini betri ilikuwa kuukuu. Skrini ikafifia papo hapo, onyo jekundu likajitokeza. Akaitazama plagi ya chaja: ya pini tatu, imelazimishwa kwenye adapta ya matundu mawili, waya wa ardhi, ule wa kumeza milio ya umeme, hauna pa kwenda. Soketi ya matundu matatu iliyokuwa nzima ilikuwa moja tu, jikoni, nyuma ya friji.

Akatoka mbio, laptop kifuani. Mavyaa wake, mama wa mumewe, alikuwa akichambua mchele.

"Mama, chomoa friji!"

"Na maziwa yangu?"

"Mama, nakuomba, mtu atafungwa!"

Mavyaa, ambaye hakuwahi kumpa mkwewe hata kijiko bila maswali, aliinuka akachomoa. "Yakichacha utayanywa wewe," akanong'ona.

Mkalimani akapiga magoti sakafuni, akachomeka chaja. Akatega sikio. Hakuna nyuki. Akafungua maikrofoni.

"Niko tayari, mheshimiwa. Mama, rudia jibu lako."

"Sikumwona," alisema muuza mkaa. "Nilisikia tu watu wakisema ni yeye."

Akatafsiri neno kwa neno. Tabasamu la mwendesha mashtaka likayeyuka. Hakimu akauliza tena kwa njia nyingine. Jibu likawa lilelile. Fundi viatu akashika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili.

Shahidi mwingine hakuwepo. Hakimu akaandika kwa muda mrefu, kisha akasoma uamuzi wake, na mkalimani, magoti yakimuuma, akamgeuzia mshtakiwa kwa Kiswahili. Alipofika kwenye "uko huru" sauti ilimkatika, ikabidi aanze sentensi upya.